Bakuli la Kitone cha Buluu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Zazia alipitia msikitini kufagia ua. Hakuna aliyemlazimisha. Aliianza kazi hiyo akiwa darasa la pili, akishika ufagio wa makuti uliokuwa mrefu kuliko yeye. Sasa alikuwa darasa la sita, na ufagio uleule ulimfika kidevuni.

Msikiti wa Bin Garwash uko kusini mwa kisiwa cha Jerba, kati ya mashamba ya mizeituni na bahari. Ni mdogo na mfupi. Kuta zake ni nene kama mwili wa ngamia aliyelala, na weupe wake humfanya mtu akunje macho. Zamani wanaume walikaa juu ya paa wakiangalia merikebu za wavamizi. Wakiziona, waliwasha moto ili msikiti wa pili ulioko ufukweni uone, nao uwashe wake kwa ajili ya wa tatu. Wavamizi waliacha kuja, na moto ukaachwa. Lakini kuna kazi moja ambayo msikiti ule haukuiacha kwa mamia ya miaka, nayo ni kukinga mvua.

Paa lote lilipakwa chokaa na kuinamishwa kidogo upande mmoja. Mvua ikinyesha, maji yalikusanyika kwenye mfereji mwembamba pembeni mwa paa, yakashuka kwenye birika lililochimbwa chini ya ua. Maji hayo ndiyo watu waliyotumia kwa chai, kwa uji wa wagonjwa na kwa maziwa ya watoto wachanga, kwa sababu maji ya bomba yana chumvi na kiangazi hukatika.

Mtunzaji wa birika alikuwa Babu Sasi, baba yake mama yake Zazia. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na sita.

“Mvua ya kwanza si ya kunywa,” Babu alimfundisha Zazia wakiwa wamekaa juu ya paa. “Mvua ya kwanza ni ya kuliogesha paa. Inabeba vumbi la kiangazi chote, na manyoya, na mavi ya njiwa. Hiyo tunaiachia mizeituni. Ndiyo maana tunaweka kizibo.”

Kizibo kilikuwa gogo fupi lililofungwa nyuzi za mtende. Kilikaa kwenye tundu mwishoni mwa mfereji, na kikiwa pale, maji yote yalipita nje kwenda shambani.

“Sasa nitajuaje kama paa limeshakoga?” Zazia aliuliza.

“Bakuli litakwambia.”

Babu alilitoa bakuli hilo kwenye kidaka kilichokuwa kando ya ngazi. Lilifinyangwa na wafinyanzi wa kijiji cha Galala zamani sana. Ndani lilikuwa jeupe kama maziwa, na chini kabisa, katikati, palikuwa na kitone cha buluu kidogo kama punje ya dengu.

“Kinga maji hapa mwishoni mwa mfereji,” alisema. “Yaache yatulie mpaka umalize kusoma Alhamdu, polepole, si kama unavyosoma ukiwa na njaa. Halafu tazama. Kitone kikionekana kama kipo nyuma ya pazia, mwaga. Kikionekana kama bakuli halina maji, hapo sawa. Na kionekane hivyo mara tatu mfululizo. Ndipo uzibue.”

“Kwa nini mara tatu? Nikikiona si nimekiona?”

“Mara ya kwanza jicho huona linachotaka kuona,” Babu alisema. “Mara ya pili linasitasita. Ya tatu ndiyo huona kilichopo.”

Mwaka ule mapema Oktoba, Babu alipasuliwa jicho la kulia hospitalini. Alirudi na kitambaa cheupe usoni, na daktari alikataza tone lolote la maji kumgusa kwa wiki nne. Jicho la kushoto halikuona zaidi ya vivuli. Jioni ile alimwita Zazia akamshika mkono.

“Majirani wamekwisha kupaka paa chokaa. Birika nalo limesafishwa, halina hata tone,” alisema. “Mvua yoyote itakayokuja, mimi siwezi kupanda juu. Mwaka huu macho ni yako.”

Zazia hakulala vizuri usiku huo kwa furaha.

Wiki iliyofuata, mwalimu wao, Bi Hasiba, alitangaza maonyesho ya turathi. Kila mwanafunzi alete kitu cha kale kutoka nyumbani. Kitakachoshinda kingewekwa katika kabati la kioo ofisini, mpaka waamuzi wa mkoa waje kukitazama Alhamisi inayofuata.

Darasani Zazia aliketi nyuma ya Yunes, ambaye babu yake, Mzee Dahman, alikuwa mfinyanzi na mwadhini wa msikiti wao. Yunes hakuwa na adabu ya kunyamaza.

“Mimi naleta mtungi wa kunasia pweza. Ni wa babu yake babu yangu,” alisema akigeuka. “Wewe utaleta nini, Zazia? Ule ufagio wako?”

Wenzake wakacheka. Zazia aliona masikio yake yakipata moto.

“Nina kitu kinachoushinda mtungi wako,” alisema.

Ijumaa jioni, watu walipokwisha kutawanyika, alilitoa bakuli kidakani na kulifunga katika shali lake. Alijua kwamba akimwomba Babu, Babu angemkatalia. Bakuli lile halikuruhusiwa kutoka msikitini kabla mvua haijanyesha. Lakini mbingu ilikuwa kavu, hata wingu moja hamna, na tangu Mei hapakuwa na mvua. Siku moja tu, alijiambia. Kisha alifanya jambo jingine. Alichukua bakuli la kijani la kuwekea mafuta nyumbani kwao, akaliweka kidakani mahali pa lile jeupe, ili Babu akipapasa asikute patupu.

Jumamosi asubuhi Bi Hasiba alilishika bakuli kwa mikono miwili.

“Hili ni zuri mno,” alisema. “Babu yako ameridhia ulilete?”

“Ameridhia, mwalimu.”

“Basi liandikie kibandiko.”

Zazia aliandika: *Bakuli la kupimia maji ya mvua. Msikiti wa Bin Garwash.* Yunes alichungulia begani kwake.

“Hiyo siyo turathi,” alisema. “Kama mnalitumia mpaka leo, ni chombo tu, kama sufuria ya mama yangu.”

Zazia alifikiri kidogo. Kisha akaongeza chini yake maneno mawili: *Halitumiki tena.*

Bakuli lilishinda. Wanafunzi walipiga makofi, Bi Hasiba akalifungia ndani ya kabati la kioo, na shule ikafungwa mpaka Jumatatu.

Jumapili adhuhuri upepo uligeuka. Uliacha kutoka jangwani ukaanza kutoka baharini, ukiwa na harufu ya ardhi iliyolowa mahali fulani mbali. Kufikia alasiri, mawingu yalikuwa yameukalia mnara. Tone la kwanza liliacha doa la kijivu juu ya chokaa.

Mama alimfikisha Babu msikitini akiwa amemfunika kichwa kwa blanketi. Pale chini ya ngazi, Babu alinyoosha mkono akapapasa kidaka. Mkono wake uligusa ukingo wa bakuli, ukaridhika, ukarudi.

“Lipo,” alisema. “Panda, mjukuu wangu. Mimi nitakaa ndani nisikilize.”

Zazia alipanda na bakuli la kijani. Mvua ilikuwa imeanza kupiga sawasawa, na mfereji ulikuwa unatiririka. Alikinga, akasoma Alhamdu, akatazama. Ndani ya kijani kile maji yalionekana safi. Alimwaga akakinga tena. Safi. Hapakuwa na kitone cha kutazama, na ukijani uliyafanya maji yote yafanane.

Chini uani, Mzee Dahman alikuwa amesimama chini ya gunia alilojifunika kichwani.

“Zazia, unapima maji au unayafundisha kusoma?” alipaza sauti. “Mvua ya kisiwa hiki haina subira. Sasa hivi itakwenda kunyesha baharini, na sisi tutabaki na bakuli lako. Zibua, binti.”

Maji yalikuwa yakimwagika shambani kwa kishindo. Zazia aliyaona yakienda, akakumbuka miezi mitano ya ukame. Alikinga mara ya tatu bila kusoma chochote. Kisha akapiga magoti, akashika kizibo kwa mikono miwili, akakivuta.

Maji yaligeuka yakaingia birikani. Sauti yake kwenye birika tupu ilikuwa kama ngoma kubwa, na watu waliokuwa uani wakasema Alhamdulillahi.

Aliposhuka, Babu alikuwa mlangoni, uso umeelekea juu kama anayeona.

“Umekiona kitone?”

“Nimekiona, Babu.”

“Mara ngapi?”

“Tatu.”

Babu alimvuta akamkumbatia, kanzu yake ikalowa kwa maji ya nywele za Zazia. “Miaka thelathini na sita,” alisema, “na sasa naweza kuumwa bila wasiwasi.”

Jumatatu, Zazia alimwendea Bi Hasiba akaomba bakuli. Bi Hasiba alishangaa.

“Waamuzi wanakuja Alhamisi, Zazia. Kwani babu yako analihitaji?”

Hapo palikuwa mahali pazuri pa kusema kweli, lakini hakuisema. “Hapana, mwalimu,” alijibu, akarudi kwenye dawati.

Jumanne, baada ya kufagia, aliinua kifuniko cha birika. Alishusha kopo kwa kamba, akayamimina maji katika bilauri aliyoileta kutoka nyumbani. Yalikuwa na rangi ya chai iliyotiwa majani machache. Kipande cha unyoya kilizunguka juu yake, na chini ya bilauri kulikuwa na utando mwembamba wa matope. Alinusa, akasogeza uso kando. Aliyamwaga haraka, akafunika birika, akajiambia kwamba uchafu huzama, na ukizama maji ya juu hubaki safi.

Nyumbani Mama alikuwa akikanda unga wa shayiri kwa mafuta ya zeituni.

“Ijumaa baada ya sala watu watakunywa chai ya maji mapya,” Mama alisema. “Babu yako amewaambia mpaka wauza samaki. Macho ya Zazia, macho ya Zazia. Leo amemwambia hata punda wa jirani.”

Zazia alisema hana njaa, akaenda kulala jua halijazama.

Jumatano asubuhi alikuwa katikati ya ua na ufagio wake Yunes alipoingia, amebeba dumu la lita kumi.

“Nipishe nifunue birika,” Yunes alisema. “Mama anataka maji mapya ya maziwa ya mtoto. Ya bomba yanamkoroga tumbo, usiku kucha analia, na mimi ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Naomba kisiwa kizima kinionee huruma.”

Mtoto huyo, Maliha, alikuwa na miezi miwili. Zazia alikuwa amembeba wiki iliyopita tu. Alikuwa mwepesi kama mkate.

Zazia aliweka ufagio chini akasimama juu ya kifuniko.

“Usiteke.”

“Kwa nini? Umeununua msikiti?”

“Yunes, usiteke. Maji ni machafu.”

“Machafu vipi? Si wewe ndiye uliyezibua?”

“Ndiyo maana najua.”

Yunes aliliweka dumu chini. Zazia alimweleza kwa ufupi, akitazama vidole vya miguu yake, bakuli jeupe lilipo, bakuli la kijani lilivyokuwa, na alivyomwambia Babu. Alipomaliza alisubiri kicheko. Yunes hakucheka.

“Utataniwa mpaka siku ya harusi yako,” alisema. “Na mimi nitakuwa wa kwanza.” Aliliokota dumu tupu. “Nitamwambia Mama asubiri, maji bado. Sitasema kwa nini. Hiyo ya kusema ni yako.”

Zazia hakwenda shule moja kwa moja. Alimkuta Babu barazani nyumbani, akisokota kamba ya nyuzi za mtende kwa vidole tu, bila kuona. Alikaa chini mbele yake.

“Babu, sikukiona kitone.”

Vidole vya Babu viliendelea kidogo, kisha vikasimama.

“Hata mara moja?”

“Hata mara moja. Nilitumia bakuli la kijani la mafuta. Lile jeupe lipo shuleni, kabatini. Nililichukua Ijumaa nikashindane nalo. Nilimwambia mwalimu kwamba umeniruhusu. Na maji nimeyatazama jana, Babu. Yana rangi.”

Kuku walipita kati yao wakidonoa.

“Kidakani nilishika bakuli,” alisema polepole. “Mkono wangu ulilishika.”

“Nililiweka mimi.”

“Ulijua nitapapasa.”

“Nilijua.”

Katika yote aliyoyasema asubuhi ile, neno hilo ndilo lililokuwa zito kuliko mengine. Babu aligeuza uso upande wa ukuta. Zazia alitamani agombezwe, hata apigwe, kuliko kuuona uso ule umegeuka.

“Nani ameyanywa?” Babu aliuliza mwishowe.

“Hakuna. Watu wanasubiri Ijumaa, ila Yunes alikuja kuteka ya mtoto. Nikasimama juu ya kifuniko.”

Babu aligeuka tena. Alinyoosha mkono hewani, ukatafuta, ukakipata kichwa cha Zazia, ukatulia hapo.

“Basi nishike tunyanyuke,” alisema. “Kwanza tunakwenda kwa Dahman. Halafu shuleni. Ijumaa utawaambia watu. Mimi nitakuwa kando yako, lakini maneno yatakuwa yako.”

Mzee Dahman alisikiliza akiwa na udongo mpaka viwikoni, mama yake Yunes akiwa amempakata Maliha pembeni. Hakutoa mzaha wake wa kawaida. Alimtazama mjukuu wake mchanga, kisha akatazama chini.

“Na mimi nilikuwa chini pale nikipiga kelele kama mwenye punda sokoni,” alisema. “Zibua, zibua. Mtu anapima maji, mimi namkimbiza. Sasi, sehemu ya kosa hili nitaibeba mimi.”

“Ibebe yako,” Babu alisema. “Ya kwake muachie.”

Bi Hasiba aliwapokea mlangoni mwa ofisi. Zazia alipomaliza kueleza, mwalimu alifungua kabati la kioo akatoa bakuli.

“Kesho waamuzi watakuta kabati tupu, na shule yetu haitakuwa na kitu mwaka huu,” alisema. “Nitawaambia sababu. Nawe utakuwepo nikiwaambia.” Kisha akainama mpaka macho yao yakalingana. “Jumatatu nilikuuliza kama babu yako analihitaji. Ungesema ndiyo, ningelitoa saa ileile. Hili ulijue. Mlango ulikuwa wazi.”

Alimpa Babu bakuli, na kibandiko kikiwa bado kimening’inia kwa uzi. Babu alikishika.

“Hapa pameandikwa nini?”

“Bakuli la kupimia maji ya mvua,” Zazia alisoma. “Msikiti wa Bin Garwash.” Akasita. “Halitumiki tena.”

Babu alikichomoa kibandiko kwenye uzi, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni.

Ijumaa baada ya sala, watu waliokuja kwa chai walikuta birika la chai limepinduliwa na moto haujawashwa. Zazia alisimama uani akasema. Sauti yake ilipotea mara mbili, na mara zote mbili Babu alisubiri bila kumsaidia. Palikuwa na waliotikisa vichwa. Mama mmoja mwenye kofia ya ukindu alisema, “Mvua nzima, jamani, mvua nzima,” akaketi kama aliyechoka.

“Kesho tunalimwaga birika la uani,” alisema Mzee Dahman. “Kila mtu na ndoo yake. Mizeituni imealikwa karamu mara ya pili, isije ikatuzoea.”

Walicheka kidogo, na kicheko hicho kilisaidia.

Iliwachukua Jumamosi na Jumapili. Watu walijipanga mstari kutoka mdomo wa birika mpaka shambani, ndoo zikapita mkono kwa mkono. Zazia alisimama mwanzo wa mstari, na viganja vyake vilipochubuka alivifunga kitambaa akaendelea. Yunes, aliyefuata, alimwambia kila baada ya ndoo kumi kwamba amebakiza bahari mbili tu. Maji yalipokwisha, wanaume walishuka wakakwangua matope, wakaosha kuta, wakapaka chokaa upya. Wanawake walilifagia na kulipangusa paa. Zazia alirudisha kizibo mahali pake kwa mkono wake mwenyewe.

Baada ya hapo mbingu ilikauka.

Wiki ya kwanza ilipita, na ya pili, na ya tatu. Ijumaa tatu watu walikunywa chai ya maji ya bomba, yenye ladha ya chumvi hata ukizidisha nanaa. Hakuna aliyemwambia Zazia neno, na hilo lilimuuma zaidi. Mama yake Maliha alinunua maji ya chupa dukani. Kila asubuhi Zazia alifagia, akapangusa bakuli jeupe, akalirudisha kidakani, akatazama baharini. Wingu likitokea alilifuata kwa macho mpaka lipotee.

Babu alifunguliwa jicho. Alikuja msikitini kwa miguu yake bila kushikwa, akatazama ukuta, akatazama mnara, kisha akamtazama Zazia kwa muda.

“Umerefuka,” alisema.

Siku ya ishirini na tisa tangu mvua ile ya kwanza, Jumapili asubuhi, mvua ilikuja bila kutangaza. Zazia alikuwa ameshalitoa bakuli kidakani Babu alipofika, blanketi begani. Zazia alimnyooshea bakuli.

“Jicho lako limepona, Babu. Panda wewe.”

Babu alilitazama bakuli, lakini hakulipokea. Alikaa kwenye ngazi ya chini kabisa, akakunja miguu.

“Panda,” alisema. “Magoti yangu hayakupasuliwa.”

Zazia alipanda. Alikinga, akasoma polepole, akatazama. Kitone kilikuwa nyuma ya pazia. Akamwaga. Bakuli la pili lilikuwa hivyohivyo, na la tatu, na la nne. Bakuli la tano lilionyesha kitone kizima, na la sita pia. Katika la saba palikuwa na jani moja dogo jeusi na ukungu chini yake. Akamwaga, akaanza kuhesabu upya.

Maji yalikuwa yakimwagika shambani kwa kishindo kilekile. Uani watu walikuwa wamesimama, nguo zimewaganda mwilini. Mzee Dahman alikuwa chini ya gunia lake, amejiziba mdomo kwa kiganja, akiwaonyesha wote kwamba safari hii hasemi.

La nane. La tisa. La kumi. Chini ya maji kitone cha buluu kilikaa wazi kabisa, kama bakuli halina kitu.

Akavuta kizibo.

Alishuka na bakuli la kumi mkononi, limejaa, akalipeleka mbele ya Babu ili atazame mwenyewe. Babu aliweka kiganja juu ya bakuli akalifunika.

“Nakuuliza wewe,” alisema. “Umekiona?”

“Nimekiona, Babu. Mara tatu mfululizo.”

Babu akalichukua bakuli, akafumba macho yote mawili, akanywa mpaka mwisho.

Ijumaa iliyofuata ua ulijaa. Chai ilikuwa nyepesi na tamu, haina hata chembe ya chumvi, na Mzee Dahman alimshikilia Maliha, aliyelala usingizi wa mtoto asiyeumwa tumbo. Bi Hasiba alikuja na darasa zima. Watoto walipokwisha kula tende, Babu Sasi aliwaita wakae karibu.

“Watu hutoka mbali kuja kuupiga picha msikiti huu,” alisema. “Si vibaya. Ni mzuri. Lakini ukuta huu haukusimama kwa kutazamwa. Umesimama kwa sababu kila mwaka kuna mtu aliyeupaka chokaa, na mtu aliyefagia, na mtu mmoja aliyepanda juu, mahali ambapo hakuna anayemwona, akashuka akasema kweli kuhusu alichokiona bakulini. Siku mtu huyo akisema uongo, msikiti utabaki mweupe vilevile, na picha zitatoka nzuri, lakini watoto wetu watakunywa uchafu. Wazee wetu walituachia majengo. Kubwa zaidi walituachia ukweli wa watu walioyatunza, na huo hauwekwi kabatini. Kila mmoja wenu atautoa yeye mwenyewe. Na anayekosea akasema kabla mwenzake hajanywa, huyo bado ni mtunzaji.”

Zazia aliinamisha kichwa. Babu aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi ndogo iliyokunjwa mara mbili, akampa pamoja na kalamu.

Zazia alikikunjua kibandiko juu ya goti lake. Alikata maneno mawili ya mwisho kwa mstari mmoja, akaandika neno moja chini yake. Kisha aliinuka, akaenda kwenye kidaka kando ya ngazi, akakiweka kibandiko mbele ya bakuli, upande ulioandikwa ukiwa juu.

Yunes alikwenda kuchungulia.

“*Linatumika,*” alisoma kwa sauti, watu wote wakasikia. “Kama sufuria ya mama yangu.”

“Kama sufuria ya mama yako,” alisema Zazia, akachukua ufagio wake, kwa sababu kokwa za tende zilikuwa zimezagaa ua mzima.